Kiraka cha Debe

Mwaka wa sita sasa, na ndege haijapata pua.
Imekaa katika bohari ya Dhanjal, barabara ya Kibos,
imefunikwa turubai la lori la miwa,
mkia mlangoni, kifua gizani,
kama ng'ombe aliyeingia zizini akasahau kugeuka.
Kuku wa mlinzi hutagia kwenye kiti cha rubani.
Jumamosi mimi huokota mayai
kabla sijashika nyundo.

Watu wakiuliza, majibu tunayo.
Tunasema: pangaboi liko bandarini Mombasa,
karani wa forodha hajui aandike nini,
silaha, chombo cha usafiri, au chuma chakavu,
na kila jina lina ushuru wake.
Tunasema: Harbans yuko Uingereza, anatafuta riveti,
za kipimo kile hazitengenezwi tena.
Tunasema mvua. Tunasema dola.
Yote ni kweli. Hata moja si sababu.

Sababu iko chini ya bawa la kushoto,
upana wa kiganja changu.
Tulikwangua rangi ya kijani, tukakuta ya kijivu,
tukakwangua ya kijivu,
na fundi Obala akaniambia, zima mashine.
Akalowesha kitambaa petroli, akapangusa polepole
kama anayemfuta mtoto tongotongo.

Palikuwa na tundu la risasi, na juu ya tundu kiraka,
na kiraka chenyewe hakikutoka kiwandani.
Kilikatwa kwenye debe la mafuta ya taa:
nusu ya pembe ya swara bado ilionekana, alama ya muuzaji,
na kingo zimekunjwa mara mbili, zikagongwa, zikalazwa,
mkunjo wa karai, mkunjo wa koroboi,
mkunjo ambao Obala alifunzwa na mjomba wake
kwenye vibanda vya Kibuye, kwa makofi.

"Huyu," akasema, "alikuwa mtu wa kwetu."
Akatoka nje, akavuta sigara mbili.

Harbans naye si mtu mbaya.
Alileta kitabu cha michoro, akafungua ukurasa wa bawa,
akaweka kidole: hapa, aluminiamu, unene huu.
Kiraka kitoke. Ndege irudi ilivyozaliwa.
Obala akamjibu huku akifunga sanduku la spana:
"Ile iliyozaliwa ilitobolewa.
Hii iliyorudi nyumbani ni nyingine."

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema mzibaji atalipwa nini,
wala kwamba siku moja mjukuu wa mwenye nyumba
atakuja kudai ufa wake.

Saa nane na robo ndege ya Nairobi hupita juu ya mabati.
Kuku hunyamaza. Vioo vya dashibodi hutetemeka,
na mshale wa kupima kimo hupanda,
futi mia, mia na hamsini,
kisha hukumbuka, hushuka.

Wanunuzi wa vyuma wamekuja mara mbili na mizani yao.
Wa pili aligonga bawa kwa pete, akataja bei ya kilo,
akafika kwenye kiraka, akasita.
"Hii ni bati tu. Hii sichukui."
Obala alicheka hata akapaliwa,
ikabidi nimpige mgongoni.

Jana Harbans ametuma ujumbe: riveti zimepatikana.
Sijamwambia Obala.
Niliingia jioni, harufu ya molasi ikivuka kutoka kiwandani,
nikalala chali chini ya bawa, tochi mdomoni,
nikahesabu mapigo ya nyundo ya yule mtu
kuzunguka ukingo wote.
Thelathini na moja.
Thelathini yamenyooka kama mshono wa cherehani.
La mwisho limekwenda upande,
kana kwamba kuna aliyemwita.